Simon Fraser Tolmie: Daktari wa Mifugo Aliyeongoza British Columbia

Simon Fraser Tolmie alizaliwa mjini Victoria, kusini mwa kisiwa cha Vancouver, tarehe 25 Januari 1867. Ilikuwa imebaki miezi mitano na siku chache kabla ya Shirikisho la Kanada kuundwa, na British Columbia ilikuwa koloni la Uingereza lililotazama Bahari ya Pasifiki, lenye wazungu wachache na misitu isiyo na mwisho. Koloni hilo lilijiunga na Kanada mwaka 1871 na kuwa jimbo. Tolmie alikua pamoja na jimbo lake, na maisha yake ya umma yote yalihusu swali moja ambalo jimbo hilo halijawahi kulimaliza: lipi ni la serikali ya shirikisho huko Ottawa, lipi ni la jimbo, na lipi ni la mji mdogo au wilaya yenye mzigo mlangoni pake.

Baba yake, William Fraser Tolmie, alikuwa tabibu wa Kiskoti aliyefika pwani hiyo mwaka 1833 akiwa mwajiriwa wa Kampuni ya Hudson's Bay, ile kampuni ya biashara ya manyoya iliyotawala eneo hilo kabla ya serikali yoyote. Tabibu huyo aligeuka kuwa msimamizi wa mashamba na mifugo ya kampuni huko Nisqually, katika eneo ambalo leo ni jimbo la Washington la Marekani. Mwaka 1859 alihamia Victoria na kufungua shamba lake la Cloverdale nje kidogo ya mji. Naye pia aliwahi kukaa bungeni. Mama yake Simon, Jane Work, alikuwa binti wa John Work, afisa wa kampuni hiyohiyo, na Josette Legacé, mwanamke aliyechanganya damu ya Wafaransa wa Kanada na ya watu wa asili wa Spokane. Ukoo wa namna hiyo ulikuwa wa kawaida katika zama za biashara ya manyoya. Kufikia wakati Simon anaingia katika siasa, jamii ya Victoria ilikuwa imejifunza kulizungumzia jambo hilo kwa sauti ya chini, au kutolizungumzia kabisa.

Kijana huyo alichagua kusomea mifugo, akavuka bara zima kwenda Toronto. Chuo cha Udaktari wa Mifugo cha Ontario kilikuwa kimeanzishwa mwaka 1862 na Andrew Smith, Mskoti aliyesomea Edinburgh, na ndicho kilichotoa sehemu kubwa ya madaktari wa mifugo wa Kanada na wengi wa Marekani. Mafunzo yake yalikuwa mafupi, miaka miwili tu, na wakosoaji walikilaumu kwa kufungua milango mno. Hata hivyo kilijaza nchi kwa watu wanaojua kumshika farasi na kusoma dalili za ugonjwa, wakati ambapo kila shamba, kila mgodi na kila mtaa wa mjini uliendeshwa kwa nguvu ya farasi. Tolmie alihitimu mwaka 1891 na kurudi Victoria kufanya kazi.

Safari kutoka zizini hadi bungeni haikuwa ngeni katika Kanada ya wakati huo. John Gunion Rutherford, mhitimu wa chuo hichohicho, alifanya kazi ya udaktari wa mifugo Manitoba, akachaguliwa katika bunge la jimbo hilo mwaka 1892, kisha katika bunge la shirikisho, na mwaka 1902 akakabidhiwa uongozi wa huduma za mifugo za nchi nzima. Chanzo cha hali hiyo si vigumu kukiona. Daktari wa mifugo alizifikia nyumba nyingi kuliko mwanasheria na hata kuliko mchungaji. Aliitwa usiku, alijua nani amefilisika na nani anaficha mnyama mgonjwa, na mkulima aliyeokolewa ng'ombe wake hakulisahau jina la aliyemwokoa.

Tolmie alikwenda hatua moja zaidi ya udaktari wa kuitwa. Alikuwa mkaguzi wa mifugo, kwanza kwa jimbo, baadaye kwa serikali ya shirikisho, na kazi hiyo ndiyo iliyomjulisha British Columbia nzima. Mkaguzi wa zama zile alikuwa na mamlaka ambayo maofisa wachache walikuwa nayo. Bandarini aliweza kuwazuia wanyama karantini. Shambani aliweza kuamuru wapimwe. Ugonjwa wa glanda, unaowashika farasi na unaoweza kumwua binadamu, ulipigwa vita nchini Kanada kwa kipimo cha maleini. Mnyama aliyeonyesha dalili baada ya kuchomwa sindano ya maleini aliuawa, na mwenyewe alilipwa fidia. Kwa kifua kikuu cha ng'ombe, ambacho kiliwafikia watoto kupitia maziwa, kilitumika kipimo cha tuberkulini. Fidia ndiyo iliyokuwa moyo wa mpango huo, kwa sababu bila hiyo mfugaji angemficha mnyama, na kwa fidia alikuwa na sababu ya kumleta mwenyewe. Katika mambo ya mifugo, serikali ya Kanada ilijifunza mapema kuchukua mali ya mtu kwa manufaa ya wote na kuilipia. Katika mambo ya ajira na mishahara ilichelewa sana kujifunza hivyo, na Tolmie angekuja kulipia ucheleweshaji huo.

Aliendelea pia kufuga kule Cloverdale. Alikuwa mtu wa mwili mkubwa, mcheshi, asiyependa ugomvi, aliyejua majina ya watu na ya ng'ombe wao. Sifa hizo zilimfungulia milango mingi. Kama zilimfaa alipokuwa juu ni jambo jingine.

Siasa ilimjia katikati ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Mwaka 1917 Waziri Mkuu Robert Borden aliunda serikali ya muungano ili kutekeleza sheria ya kuwaandikisha vijana jeshini kwa lazima, na uchaguzi wa Desemba mwaka huo ukawa kura juu ya sheria hiyo. Tolmie alisimama Victoria upande wa muungano akashinda. Alikuwa na umri wa miaka 50 na hakuwa amewahi kuwa mbunge.

Kupanda kwake kulikuwa kwa haraka. Juni 1919 Thomas Crerar, Waziri wa Kilimo, alijiuzulu kwa sababu bajeti haikupunguza vya kutosha ushuru wa forodha uliowafanya wakulima wanunue mashine kwa bei ghali. Agosti nafasi hiyo alipewa Tolmie. Sheria ya wakati ule ilimlazimu mbunge anayepewa uwaziri kurudi kwa wapiga kura kuthibitishwa, hivyo alisimama tena Victoria na kushinda tena. Wizara aliyoikuta ilikuwa imewaka moto. Wakulima wa nyanda za kati walikuwa wameamua kuunda chama chao wenyewe, wakiongozwa na huyohuyo Crerar, na bei ya ngano iliyopanda vitani ilianguka vibaya kuanzia 1920. Waziri wa Kilimo hakuwa na mamlaka juu ya ushuru wala juu ya soko la ngano, ambayo ndiyo malalamiko yenyewe. Daktari kutoka Victoria, ambako ngano hailimwi kwa kiasi cha kutajika, alitumwa kuwatuliza watu ambao tiba ya ugonjwa wao ilikuwa mikononi mwa mawaziri wengine.

Mahali alipokuwa nyumbani ni katika mambo ya mifugo, na hapo palikuwa na kesi ya miaka karibu thelathini. Tangu 1892 Uingereza ilikuwa imepiga marufuku ng'ombe hai wa Kanada kuingizwa na kunenepeshwa mashambani. Wote walipaswa kuchinjwa bandarini walikoshuka. Sababu iliyotolewa ni hofu ya homa ya mapafu ya ng'ombe. Madaktari wa mifugo wa Kanada walishikilia kwamba ugonjwa huo haukuwamo katika makundi yao, na kwamba afya ilitumika kama pazia la kuwalinda wafugaji wa Uingereza na Ireland dhidi ya ushindani. Wanenepeshaji wa Uskoti, waliotaka ng'ombe wakondefu wa bei nafuu, waliwaunga mkono Wakanada. Mwaka 1917 mawaziri wa Uingereza walikuwa wametoa ahadi ya kuiondoa marufuku hiyo, kisha wakasita. Kanada iliendelea kubana katika miaka ya Tolmie wizarani, na tume ya uchunguzi iliyokaa Uingereza mwaka 1921 ilikubali hoja ya Kanada. Sheria ya kuifungua milango ilipita mwishoni mwa 1922, wakati ambapo serikali yake ilikuwa imeshaondolewa.

Iliondolewa katika uchaguzi wa Desemba 1921. Chama cha Conservative, ambacho sasa kiliongozwa na Arthur Meighen, kilishuka hadi nafasi ya tatu, nyuma ya chama cha wakulima. Tolmie mwenyewe alibaki na kiti cha Victoria, akakitetea tena 1925 na 1926. Alirudi katika Wizara ya Kilimo kwa wiki chache tu, Julai hadi Septemba 1926, wakati Meighen alipopewa serikali na Gavana Mkuu Byng baada ya Mackenzie King kukataliwa ombi lake la uchaguzi. Sheria ileile ya waziri kurudi kwa wapiga kura ndiyo iliyomlazimu Meighen kuanza na mawaziri wa kukaimu, kwa sababu hakuweza kupoteza hata kiti kimoja bungeni. Serikali hiyo ilianguka kwa kura moja. Tolmie na wenzake waliapishwa baada ya bunge kuvunjwa, wakaongoza wizara hadi wapiga kura walipomrudisha King.

Wakati huo nyumbani British Columbia chama cha Conservative cha jimbo kilikuwa kimepasuka. Katika uchaguzi wa jimbo wa 1924 lilitokea jambo la ajabu: viongozi wa vyama vitatu vikubwa, John Oliver wa Liberal, William Bowser wa Conservative na Alexander McRae wa chama kipya cha waasi, wote watatu walishindwa katika viti vyao wenyewe. Oliver alitafutiwa kiti kingine akaendelea kutawala. Bowser, mwanasiasa hodari mwenye maadui wengi, aliacha uongozi, na mkutano wa chama uliokaa Kamloops Novemba 1926 ulishindwa kukubaliana juu ya mrithi. Wajumbe waliochoka wakamgeukia Tolmie. Hakuwa ameutafuta uongozi huo, aliupokea kwa kusita, na kwa muda mrefu aliendelea kuwa mbunge wa Ottawa. Kundi la Bowser na wapinzani wao waliweza kumkubali kwa kuwa hakuwa wa upande wowote. Ndio udhaifu uliokuwa umefichwa ndani ya ushindi wake: aliwekwa pale na watu waliotaka amani baina yao, na hawakuwa wamekubaliana juu ya jambo lolote jingine.

Oliver alifariki Agosti 1927, na mrithi wake, J. D. MacLean, akaitisha uchaguzi tarehe 18 Julai 1928. Tolmie aliahidi kuendesha serikali kwa kanuni za biashara. Ahadi hiyo ilisikika vizuri katika mwaka ambao mbao, madini na samaki vilikuwa vikiuzwa nje kwa bei nzuri. Conservative walipata viti 35 kati ya 48, MacLean akapoteza kiti chake, na Tolmie, mbunge wa Saanich, wilaya ya mashamba inayopakana na Victoria, aliapishwa kuwa Waziri Mkuu wa jimbo Agosti 21. Wizara ya Fedha alimpa W. C. Shelly, tajiri wa mikate wa Vancouver. Baraza la mawaziri lilikuwa na wafanyabiashara kadhaa, na mwanzoni lilionekana kufanana na ahadi.

Mambo mengine ya miaka hiyo yalidumu kuliko sifa yake. Mwaka 1930 Ottawa ilirudisha kwa jimbo ardhi kubwa ya Peace River na ukanda wa ardhi kandokando ya reli, vitu vilivyodaiwa kwa miaka mingi. Tume iliyoundwa 1929 ilichunguza bima ya afya ya serikali na kuipendekeza mwaka 1932. Serikali iliyofuata ilipitisha sheria yake 1936, ingawa haikutekelezwa. Tolmie pia alishabikia barabara ya kwenda Alaska kupitia jimbo lake. Ilijengwa mwaka 1942 na jeshi la Marekani, yeye akiwa ameshafariki.

Sheria ya maziwa ya 1929 inastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu ndipo mfugaji na mwanasiasa walipokutana ndani ya mtu mmoja. Wafugaji wa bonde la Fraser waliuza maziwa ya aina mbili: mabichi ya kunywa, yaliyopelekwa Vancouver kwa bei nzuri, na ya kiwandani, yaliyogeuzwa siagi na jibini kwa bei ya chini. Kila mfugaji alitaka soko la maziwa ya kunywa, wakashindana hadi bei ikavunjika. Sheria iliunda kamati iliyotoza waliouza maziwa ya kunywa na kuwafidia waliopeleka kiwandani, ili wote wapate bei inayokaribiana. Wazo lilifanana na fidia ya ng'ombe aliyeuawa kwa amri ya mkaguzi: mzigo wa wachache unabebwa na wengi. Kampuni moja ya maziwa, Crystal Dairy, ilikwenda mahakamani, na kesi ikafika hadi Baraza la Faragha huko London. Mwaka 1933 uamuzi ulikuwa kwamba tozo hiyo ni kodi isiyo ya moja kwa moja, na katiba ya Kanada hailiruhusu jimbo kutoza kodi ya namna hiyo. Sheria ikafa. Mkaguzi wa shirikisho aliweza kuwachinja ng'ombe wa mtu, lakini waziri mkuu wa jimbo hakuweza kugawa upya bei ya maziwa yao.

Jambo jingine la serikali yake linahusu nani alikuwa mwananchi. Watu wa asili, Wachina, Wajapani na Wahindi hawakuruhusiwa kupiga kura katika uchaguzi wa British Columbia, na hakuna chama kikubwa kilichotaka kubadili hilo. Mwaka 1931 bunge la jimbo lilipiga kura juu ya kuwapa haki hiyo askari wa asili ya Kijapani waliokuwa wameipigania Kanada katika Vita Kuu. Pendekezo lilipita kwa kura moja, na lilihusu watu wachache mno. Mjukuu wa Josette Legacé alikuwa kiongozi wa serikali, lakini watu wa asili wa jimbo lake waliendelea kukaa nje ya sanduku la kura. Walikaa huko hadi 1949.

Anguko la uchumi lililoanza mwishoni mwa 1929 lililipiga jimbo lililoishi kwa kuuza mbao na madini kwa wageni. Viwanda vya mbao vilifungwa. Wasio na kazi kutoka nyanda za kati walidandia treni za mizigo kuelekea magharibi, kwa kuwa Vancouver haina baridi kali ya kuua, na kufikia 1931 walikuwa wamejenga vibanda vya mabati na maboksi pembezoni mwa mji. Kwa mujibu wa katiba, maskini walikuwa jukumu la jimbo, na jimbo lilikuwa limezoea kuwaachia manispaa. Lakini mtu aliyeteremka jana kutoka kwenye behewa hakuwa na manispaa. Serikali ya Tolmie ilifungua kambi mwaka 1931 ambako wanaume hao walijenga barabara, ikitegemea fedha za Waziri Mkuu wa shirikisho R. B. Bennett, wa chama chake mwenyewe. Fedha zilipungua, mishahara ikashushwa, na mwishowe kambi zikachukuliwa na Wizara ya Ulinzi, iliyowalipa wakazi wake senti 20 kwa siku. Manispaa nazo zilizama. Burnaby na North Vancouver zilishindwa kulipa madeni, na halmashauri zao zilizochaguliwa zikaondolewa, wakawekwa makamishna wa kuzisimamia.

Hazina ya jimbo ilikuwa imebanwa kutoka kila upande. Reli ya Pacific Great Eastern, iliyoanzwa 1912, ilitoka Squamish hadi Quesnel, maana yake haikuanzia mji mkubwa wala haikufika kwenye mji mkubwa, na kila mwaka ilileta hasara. Waziri wa Fedha J. W. Jones, aliyemfuata Shelly, alitoza asilimia 1 ya mapato, hata ya watu wa kipato kidogo, na chuki ya kodi hiyo ilikuwa kubwa kuliko fedha iliyoingiza.

Mwaka 1932 wafanyabiashara waliomshangilia Tolmie mwaka 1928 walimdai atimize ahadi. Aliwaruhusu waunde kamati ya kuchunguza matumizi, chini ya George Kidd, aliyekuwa ameongoza kampuni ya umeme na reli za mjini. Ripoti yao ilitaka wabunge wapunguzwe kutoka 48 hadi 28, elimu ya bure iishie umri wa miaka 14, Chuo Kikuu cha British Columbia kikatiwe ruzuku hata kama kitafungwa, na reli iachwe. Wazazi, walimu, wanafunzi na vyama vya wafanyakazi walipandwa na hasira. Tolmie hakuitekeleza yote, wala hakuikataa waziwazi, na hivyo akawapoteza waliotaka itekelezwe pamoja na waliotaka itupwe. Ni vigumu kuona kiongozi mwingine angeliokoa jimbo hilo kwa mamlaka na fedha zilizokuwapo. Lakini kiongozi mwenye msimamo angalau angejulikana alisimama wapi.

Alijaribu njia ya 1917, yaani serikali ya muungano, akamwalika T. D. Pattullo wa Liberal kushirikiana naye. Pattullo, aliyeona ushindi ukija, alikataa. Chama cha Conservative kikatawanyika: baadhi walimfuata Tolmie kwa jina la Waunionisti, Bowser alirudi na kundi lake lisilo la chama, wengine wakasimama peke yao. Bowser alifariki siku chache kabla ya kura, na uchaguzi ukaahirishwa katika majimbo mawili ya uchaguzi aliyogombea. Tarehe 2 Novemba 1933 Liberal walichukua viti 34 kati ya 47. Chama kipya cha kijamaa, CCF, kilipata 7 katika uchaguzi wake wa kwanza wa jimbo. Waunionisti waliambulia kiti kimoja, cha Mwanasheria Mkuu R. H. Pooley huko Esquimalt. Tolmie alishindwa Saanich, nyumbani kwake. Tangu hapo chama cha Conservative cha jimbo hilo hakikushinda tena uchaguzi peke yake, hadi na ule wa 2024.

Alirudi Cloverdale. Mwaka 1936 kiti cha Victoria katika bunge la shirikisho kilibaki wazi kwa kifo cha mbunge, naye akiwa na miaka 69 akasimama. Mshindani wake mkubwa alikuwa King Gordon wa CCF, na Tolmie alipita kwa tofauti ndogo sana. Alikaa Ottawa mwaka mmoja na miezi michache. Alifariki tarehe 13 Oktoba 1937, na katika uchaguzi mdogo wa Novemba kiti chake kilichukuliwa na Robert Mayhew wa Liberal.